Jua Halishiki Panga

Wapendwa, nimekuwa kimya hapa wiki tatu nzima. Walioniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimeoa, asanteni kwa kunijali. Sijahama, wala sijaoa. Nilikuwa nyumbani Ukerewe, kuzika. Nimerudi na hasira, na leo nitaimwaga hapa kibarazani kwangu, maana kule ninakolipwa mshahara haikupata nafasi. Mwenye haraka na arudi kesho. Leo nina maneno mengi.

Nianze na mhariri wangu. Mwaka jana nilimpelekea habari ya kijana mwenye ualbino aliyepoteza sikio. Niliandika kichwa cha habari mwenyewe, maana bado nina ushamba wa chuo wa kudhani mwandishi ndiye anayechagua kichwa cha habari. Mhariri akasoma mstari wa kwanza, macho yakamtoka.

"Wamemkata sikio? Wapi? Polisi wanasemaje?"

"Wamemkata madaktari, bosi. Ana kansa ya ngozi."

Akaniangalia kama mtu aliyeagiza pilau akaletewa uji. Habari ilitoka siku nne baadaye, ukurasa wa ndani kabisa, aya nne, chini ya tangazo la viwanja. Neno kansa lilikuwa limeondolewa, pameandikwa "ugonjwa wa ngozi", utadhani ni upele.

Kijana yule nilimwita "kijana mmoja mkazi wa Ukerewe". Ukweli ni kwamba tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza. Ndiye niliyekwenda kumzika. Alikuwa na miaka 27.

Simlaumu mhariri peke yake. Sisi wote, mimi nikiwemo, tumefundishwa kuona adui mmoja tu wa mtu mwenye ualbino: yule mwenye panga. Na adui huyo yupo kweli, sitaki mtu anisingizie kwamba nampunguzia dhambi. Mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, dunia nzima ilishtuka. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akaingia kwa waganga na kuanika biashara yao, mpaka ikabidi ajifiche kuokoa maisha yake. Juzijuzi tu, mwaka 2024, mtoto mdogo aliporwa mikononi mwa mama yake kule Muleba, akauawa. Magazeti yaliandika, na yalifanya vizuri kuandika. Kila tone la wino lililomwagwa kwa ajili ya mtoto yule lilikuwa halali.

Lakini hebu nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Tukiwa madarasa ya chini, rafiki yangu alikuwa analetwa shule na mjomba wake. Mjomba alitembea nyuma yake na rungu, kilomita tatu kwenda, kilomita tatu kurudi. Kijiji kizima kilimsifu mjomba yule, na alistahili. Hakuna mtu aliyewahi kumlinda mtoto yule na panga kama yeye. Ila katika miaka yote ile hakuna aliyempa kofia. Alitembea kichwa wazi, mikono wazi, shingo wazi, akisindikizwa na mlinzi, na muuaji wake akiwa juu angani anamwangalia njia nzima.

Jua halishiki panga. Ndiyo maana haliandikwi.

Sasa tuzungumze mambo yenyewe, maana hasira bila hoja ni kelele. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila melanini ya kutosha, ile rangi inayofanya kazi ya mwavuli ndani ya ngozi. Sisi tuko jirani na mstari wa ikweta. Jua la saa sita hapa kwetu halina utani na mtu. Kwa mtoto asiye na mwavuli huo, ngozi huanza kuharibika mapema sana: inaungua, inakakamaa, inaota mabaka yanayokwaruza kama msasa. Mabaka yale bado si kansa. Ni barua ya onyo. Ikipuuzwa, baadhi yake hugeuka vidonda visivyopona, na hapo ndipo inapoingia saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayowamaliza. Ile melanoma inayotajwa sana huko Ulaya na Marekani ni nadra kwao.

Na wewe mwenye ngozi nyeusi unayesoma huku ukisema "hayo ya maalbino", ngoja kwanza. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na chanzo kilikuwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Sisi weusi melanoma hutujia mahali pasipo na rangi nyingi: unyayoni, chini ya kucha, kiganjani. Na lile donda ndugu la miaka kumi kwenye muundi, au kovu la moto lililoanza kuchimbika upya, nalo linaweza kugeuka kansa ya ngozi. Kwa hiyo tusikae kama watazamaji wa mpira.

Turudi kwa wenzetu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu zaidi ya 16,000 nchini. Mwaka huohuo wa 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti ambao kila mwandishi wa habari angepaswa kuubandika ukutani kwake. Walipitia mafaili ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa kansa ya ngozi hospitalini hapo katika miaka kama tisa. Umri wa katikati wa wagonjwa wale ulikuwa miaka 30. Soma tena: miaka 30. Kwa wenzetu wa Ulaya kansa hii ni ya wazee waliostaafu. Kwetu inampata mtu ambaye mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza anaanza shule.

Muda wa katikati tangu dalili ianze mpaka mgonjwa afike hospitali: miezi 24. Sababu kubwa ya kuchelewa: hela. Karibu wote walifanyiwa upasuaji. Waliopata mionzi walikuwa 24 tu. Na wagonjwa 27 kati ya 64 hawakumaliza matibabu kwa sababu hela ziliwaishia. Yaani karibu nusu. Watu walipanda meza ya upasuaji, wakakatwa, wakashonwa, kisha wakarudi kijijini na kazi iliyofanywa nusu kwa sababu ya nauli na chakula.

Utasema hizo ni takwimu za zamani, siku hizi mambo yamebadilika. Ni kweli yamebadilika. Zamani mionzi ilikuwa Ocean Road tu, Dar es Salaam, na mtu wa Ukerewe alilazimika kuvuka nchi nzima. Siku hizi Bugando nao wana mionzi yao. Nashukuru. Lakini rafiki yangu alikufa juzi, na habari yake inafanana na mafaili yale kama vile yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa 65.

Kipele kilianza nyuma ya sikio akiwa na miaka 24. Kidogo, kama punje ya mtama. Yeye na mkewe walikuwa wanaanika dagaa ufukweni. Jua juu, mchanga mweupe chini unarudisha jua, na ziwa pembeni linarudisha lililobaki. Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Kikakauka, kikarudi. Akapewa nyingine. Hakuna aliyemwambia: "Wewe ni mtu mwenye ualbino, kidonda chako kisichopona mwezi mmoja ni kansa mpaka maabara iseme vinginevyo." Sentensi moja tu hiyo. Haihitaji mashine wala mfadhili. Inahitaji mtu aliyefundishwa kuisema.

Nilipoanza kufuatilia habari ile nilizungumza na daktari mmoja wa upasuaji, mtu mpole sana aliyechoka sana. Nikamuuliza swali la kitoto: daktari, upasuaji unaponyesha? Akacheka, akachukua kalamu yangu akanichorea.

Kidonda kikiwa kidogo, alisema, nakuchoma sindano ya ganzi. Nakata kidonda pamoja na milimita kadhaa za ngozi nzima kuzunguka, kama unavyokata sehemu mbovu ya embe na kuingia kidogo kwenye nyama nzuri ili uwe na uhakika. Kinyama kinakwenda maabara, wanaangalia kama kingo zake ni safi. Nakushona, unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Kansa ya aina hii ikikamatwa hapo, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wanapona kabisa.

Halafu akachora mchoro wa pili. Kidonda ukubwa wa kiganja, kimekula sikio, kimeingia kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na katikati ya tezi hiyo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Nikitoa kansa yote, huenda nikalazimika kuutoa na mshipa. Mdomo utaanguka upande mmoja, jicho halitafumba. Mitoki ya shingoni imevimba, nayo lazima itoke. Shimo ninaloliacha halishoneki kwa kuvuta ngozi, kwa hiyo nachuna ngozi nyembamba pajani naipandikiza. Kama kansa iko utosini na imefika kwenye fuvu, pandikizi halishiki juu ya mfupa mtupu, kwa sababu mfupa uliovuliwa utando wake hauna damu ya kulilisha. Hapo inabidi nigeuze kipande cha ngozi ya jirani na mishipa yake ya damu. Ni saa nyingi, ni damu ya kuongezewa, ni wodi wiki kadhaa. Na baada ya yote hayo bado anahitaji mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili kuua mabaki yasiyoonekana.

"Ni ugonjwa uleule," akaniambia, "na kisu kilekile. Kilichobadilika ni tarehe aliyofika."

Rafiki yangu alifika kwenye mchoro wa pili. Sikio likatoka, mitoki ikatoka. Upasuaji ulikwenda vizuri, na madaktari wale siwadai kitu. Wakamwambia arudi kwa mionzi. Akaenda nyumbani kutafuta hela ya kulala Mwanza wiki zote hizo na kula yeye na wa kumsindikiza, huku dagaa hazianikwi maana mwanikaji ndiye mgonjwa. Alitafuta kwa miezi minne. Aliporudi, shingo ilikuwa imevimba upya, na safari hii hapakuwa na cha kukata. Hata pale matibabu yenyewe yanapokuwa na msamaha, msamaha haulipi gesti.

Sasa najua mtakavyonijibu. Mimi ni Mtanzania, nimekulia vijiweni, majibu yenu nayajua kabla hamjayaandika.

La kwanza: "Wenyewe ndio wanaochelewa, wanaanzia kwa waganga." Rafiki yangu alianzia zahanati. Kwa mganga alikwenda baada ya dawa ya tatu ya kupaka kushindwa. Mtu akibisha hodi mlango wa serikali mara tatu asifunguliwe, halafu akaenda mlango wa pili, nani mwenye makosa?

La pili: "Kansa haitaki kisu. Ukiigusa inasambaa." Hili nimelisikia mpaka kwa watu wenye digrii. Naelewa linatoka wapi. Kijijini watu wanamwona jirani anakwenda kupasuliwa, anarudi, baada ya miezi kansa inarudi na nguvu, anakufa. Wanahitimisha kwamba kisu ndicho kilichoiamsha. Hawaoni kwamba alipopasuliwa ilikuwa imeshatembea, na kwamba mionzi iliyopaswa kufuata haikufuata. Hawamwoni aliyekatwa kipele kidogo akapona, kwa sababu yule hana cha kuonyesha zaidi ya kakovu, na yuko shambani anaendelea na maisha yake. Matokeo mabaya ya wagonjwa waliochelewa yanawafukuza wagonjwa wapya, nao wanachelewa, nao wanapata matokeo mabaya. Duara hilo linazunguka hivyo na sisi waandishi tuko pembeni tunasubiri panga.

La tatu, na ndilo linaloniuma kuliko yote: "Maalbino hawaishi sana, ndivyo walivyoumbwa." Tulipokuwa watoto tuliambiwa hata hawafi, eti wanatoweka. Sasa nimejua wanatowekea wapi. Hakuna kitu chochote katika ualbino wenyewe kinachomwambia mtu afe na miaka 27. Mtu mwenye ualbino aliyekingwa na jua tangu utotoni, anayeangaliwa ngozi yake mara kwa mara, anazeeka kama bibi yako. Tunachokiita kudra ni uzembe tuliouzoea.

La nne: "Serikali haina hela." Hapa ndipo ninapocheka kwa uchungu. Kuganda mabaka yale ya mwanzo kwa naitrojeni ya kimiminika ni kazi ya dakika chache. Kukata kipele kwa ganzi ni kazi ya asubuhi moja. Upasuaji wa mchoro wa pili, pamoja na wodi, damu na mionzi, ni gharama ya kuwatibu watu wengi wa mchoro wa kwanza. Nchi maskini ndiyo isiyoweza kumudu kuchelewa.

Wala hatuhitaji kwenda kujifunza Sweden. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu wake wamekuwa wakienda vijijini kuwapima watu wenye ualbino kwa miaka mingi. Palepale Moshi, kwa zaidi ya miaka kumi, yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, kazi aliyoianzisha mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, pamoja na Watanzania. Yametengenezwa mahsusi kwa ngozi hii na jua hili. Kwa hiyo ujuzi upo, mafuta yapo, mafundi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuona aibu mambo haya yakiishia kwa wachache wanaofikiwa na mradi.

Ingia duka lolote kubwa Dar es Salaam uulize mafuta ya jua. Utayakuta rafu ya vipodozi, karibu na rangi za midomo, kwa bei ya mtalii anayekwenda Zanzibar. Kwa mtalii ni kipodozi. Kwa mwanika dagaa wa Ukerewe ni dawa kama insulini ilivyo dawa kwa mwenye kisukari. Maagizo na maelekezo tumeshayasikia mengi kutoka kwa waheshimiwa. Agizo halipakwi usoni.

Na zile kofia! Kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, inayoadhimishwa tangu 2015, nimehudhuria na kalamu yangu. Hotuba, ngoma, posho, fulana. Na kapelo. Watoto wenye ualbino wamepangwa juani kumsubiri mgeni rasmi aliyechelewa, vichwani wana kapelo zenye nembo ya mfadhili. Kapelo inakinga paji la uso. Masikio yako nje, shingo iko nje. Katika wagonjwa wale wa Bugando, wengi kansa ilikuwa kichwani na shingoni. Jamani, hata kofia imetushinda? Pama, lile kofia pana la mchunga ng'ombe, linauzwa mnadani kila wiki.

Ninachotaka ni hiki, na sitapamba maneno. Kila mhudumu wa zahanati afundishwe ile sentensi moja niliyoiandika hapo juu. Kila mtoto mwenye ualbino akaguliwe ngozi angalau mara mbili kwa mwaka, shuleni au kliniki, kama tunavyowapima watoto uzito. Walimu wamtoe kwenye paredi ya juani na kazi za mikono za saa sita, na sare yake iwe na mikono mirefu na pama. Mafuta ya jua yatoke dirisha la dawa, siku zote, si siku ya mgeni rasmi. Na tangu mwaka 2023 tuna sheria ya bima ya afya kwa wote. Basi utekelezaji wake umfuate mgonjwa wa kansa hadi mwisho: upasuaji, maabara, mionzi, na mahali pa kulala katikati ya hayo. Upasuaji bila mionzi kwa mgonjwa wa mchoro wa pili ni sawa na kuziba tundu moja la mtumbwi wenye matundu mawili.

Kwa wenzangu wa kalamu: tumekuwa hodari kuhesabu mikono iliyokatwa na waovu. Tuhesabu na masikio yaliyokatwa na madaktari wema waliochelewa kuletewa mgonjwa. Mtu anayekufa polepole wodini hana picha ya ukurasa wa mbele, najua. Lakini naye amekufa, na aliyemuua alikuwa anaonekana kila siku asubuhi.

Msibani, mama yake alinishika mkono. Anaamini mimi ni mtu mkubwa kwa sababu nafanya kazi gazetini Dar. Akaniuliza, "Mwanangu, ile habari ya mwenzio uliiandika?" Nikamjibu, "Niliiandika, mama." Akaniuliza tena, "Wakasemaje huko?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Yule mjomba wa rungu alikuwa amekaa karibu yetu, mzee sasa, chini ya mwembe. Mjukuu wake, mtoto wa rafiki yangu, ana miaka minne na amezaliwa na ualbino kama baba yake. Alikuwa anacheza juani, kichwa wazi. Nilivua kofia yangu nikamvisha. Ilikuwa kapelo.

Wiki ijayo nampelekea pama, na mafuta kutoka Moshi. Huyo ni mmoja. Wengine mnawajua ninyi, wako mtaani kwenu. Mwangalieni nyuma ya sikio.

Tafakari njema. Nitarudi kwenye siasa zenu Ijumaa.